Kutoa, Kuopoa, Kuchomoa: Tofauti ya Kiingereza na Kiswahili katika Kueleza Tendo la Kumtoa Mtu au Kitu Mahali

Miongoni mwa mafungu ya maneno yanayomtaabisha mfasiri atokaye katika Kiingereza kuja katika Kiswahili, machache yana hadaa kama yale yanayojengwa kwa kitenzi pamoja na neno dogo “out”. Hadaa yenyewe ni kwamba yanaonekana mepesi. Mwanafunzi akiulizwa maana ya “take out” atajibu bila kusita kwamba ni kutoa. Akiulizwa “pull out” atasema ni kuvuta nje. “Push out”, kusukuma nje. “Throw out”, kutupa nje. Na hivyo hivyo hadi orodha iishe. Kila jibu lina ukweli kidogo, na kila jibu, likitiwa ndani ya sentensi, huweza kusema jambo ambalo Mwingereza hakulisema. Makala haya yanachunguza chanzo cha mtafaruku huo, na yanadai kwamba chanzo si uchache wa maneno katika Kiswahili. Lugha hizi mbili hulitazama tendo la kutoa kutoka pande mbili tofauti.

Tuanze na Kiingereza. Katika lugha hiyo neno “out” ndilo linalobeba habari ya mwelekeo, yaani kwamba kitu kilikuwa ndani na sasa hakimo. Kwa kuwa kazi hiyo imekwisha kushikwa, kitenzi huachwa huru kueleza jambo jingine, na aghalabu jambo hilo ni namna mtoaji alivyofanya: alivuta, alisukuma, alikokota, alipiga teke, alikamua, alichimba, alibembeleza. Uhuru huu hauna mpaka ulio wazi. Nomino “smoke”, yaani moshi, hugeuzwa kitenzi na kupewa “out”, na mara moja tunapata tendo la kuwafukiza nyuki au adui mpaka watoke walikojificha. Hata kitenzi “talk”, ambacho chenyewe hakihamishi kitu chochote, kikiambatana na “out of” huweza kumtoa mtu katika nia aliyokuwa ameishika.

Upande wa pili wa uhuru huo ni kitenzi “get”. Hiki kimevuliwa karibu maana yote. “Get him out” haisemi kama mtu alivutwa, alibebwa, au alilipiwa dhamana. Husema tu kwamba anapaswa kutoka, na mara nyingi hudokeza kwamba kuna taabu katika kumtoa. Kiingereza, basi, kina ngazi ndefu inayoanzia kitenzi kisicho na namna yoyote hadi vitenzi vyenye namna za ajabu, na ngazi yote hiyo imeegemezwa kwenye neno moja dogo.

Mwanaisimu Leonard Talmy, katika utafiti wake uliochapishwa mwaka 1985, aliueleza mpango huu kwa mapana. Alizigawa lugha kwa kuuliza swali moja: njia ya mwendo hutajwa wapi, ndani ya shina la kitenzi au katika neno linaloandamana nacho? Kiingereza na Kijerumani huitaja katika neno linaloandamana. Kihispania na Kituruki huitaja ndani ya kitenzi. Mwaka 1994 Ruth Berman na Dan Slobin walichapisha uchunguzi wa masimulizi ya watoto na watu wazima katika lugha tano, wakitumia kitabu kimoja cha picha cha Mercer Mayer kuhusu chura aliyepotea. Katika picha mojawapo bundi anatokeza kwenye tundu la mti. Katika maandishi yake yaliyofuata Slobin aliirudia picha hiyo na kuonyesha kwamba wasimulizi wa Kiingereza huelekea kueleza namna bundi alivyochomoza au alivyoruka, ilhali wale wa Kihispania huridhika kusema kwamba alitoka.

Kiswahili kimo katika kundi la pili, na ushahidi wake uko wazi. Viambishi vyetu vya mahali havijui kutofautisha kwenda na kutoka. Tunasema alikaa nyumbani, alikwenda nyumbani, na alitoka nyumbani. Neno “nyumbani” halikubadilika hata herufi. Anayeamua kama mtu yuko, anafika au anaondoka ni kitenzi peke yake. Ndiyo maana vitenzi toka na toa, ingia na ingiza, panda na shuka, vina mzigo mkubwa katika lugha yetu kuliko ndugu zao walivyo katika Kiingereza. Ukikiondoa kitenzi cha njia, njia yenyewe imepotea.

Hapa ndipo kosa la mwanafunzi linapozaliwa. Akipewa “he ran out of the house”, huandika “alikimbia nje ya nyumba”. Sentensi hiyo ni Kiswahili safi, lakini maana yake ni kwamba mbio zilifanyika nje. Huenda mtu huyo hakuwahi kuingia ndani ya nyumba hiyo maisha yake yote. Kilichotakiwa ni “alitoka nyumbani mbio”, au alitoka shoti, au alitoka nduki: kitenzi kikuu kimeshika njia, na namna imefuata nyuma kama kielezi.

Inafaa kukaa kidogo na neno “nje”, maana ndilo linalochukuliwa kuwa pacha wa “out”, nalo si pacha wake. “Nje” ni jina la mahali. Mwalimu amwambiaye mtoto “Toka nje!” anamtajia mahali pa kwenda. Lakini tusemapo “bidhaa hizi zimetoka nje”, neno lilo hilo ni mahali bidhaa zilikoanzia safari, yaani ng'ambo. Kitenzi ni kimoja, jina la mahali ni moja, na miendo ni miwili iliyo kinyume. “Out” haiwezi kufanya hivyo hata siku moja. Kwa hiyo wale wanaoishutumu “toka nje” kwamba ni Kiingereza kilichovaa kanzu wamekosea. Ni Kiswahili cha kale na hakina doa. Kinachostahili kushutumiwa ni kulichukua neno “nje” na kulitundika nyuma ya kila kitenzi kwa kudhani kwamba litaleta mwendo. “Walimsukuma nje ya gari” haituambii kama mtu alikuwa ndani akatolewa kwa kusukumwa, au kama alikuwa amesimama kando ya gari akasukumwa papo hapo.

Mpaka hapa huenda msomaji akadhani kwamba Kiswahili kina kitenzi kimoja tu cha haja, toa, na kwamba habari nyingine yote lazima iongezwe kwa maneno ya pembeni. Kama ingekuwa hivyo, malalamiko kwamba tafsiri za Kiswahili ni chapwa yangekuwa na msingi. Lakini tazama jinsi mtu wa kawaida asemavyo nyumbani. Ndoo iliyozama kisimani huopolewa, na chombo cha kuiopolea kina jina lake, kiopoo. Mwiba huchomolewa mguuni. Upanga hufutwa alani. Ndege aliyenaswa mtegoni hunasuliwa. Gari lililokwama matopeni hukwamuliwa. Kilichofukiwa hufukuliwa, muhogo hung'olewa, chungu huipuliwa jikoni, wali hupakuliwa, nguo zilizoanikwa huanuliwa mvua inapotanda. Matendo yote haya ni ya kutoa kitu mahali, na hakuna hata moja kati yake linalohitaji neno “nje”.

Je, vitenzi hivi vinatueleza nini? Havituelezi mkono wa mtoaji ulifanya nini. Anayeopoa anaweza kutumia kiopoo, kamba, wavu au mkono mtupu. Anayekwamua gari anaweza kulisukuma, kulivuta au kuchimba tope chini ya magurudumu. Kinachoelezwa ni jinsi kitu kilivyokuwa kimeshikwa: na maji, na udongo, na mtego, na nyama ya mguu, na mizizi yake chenyewe. Kiingereza kimeipa nguvu ya mtoaji nafasi ya kwanza. Kiswahili kimempa nafasi hiyo mshikaji. Tofauti hii ndiyo inayofichwa na kamusi zinapoweka “toa” mbele ya kila fungu la “out”.

Umbo la vitenzi hivi linathibitisha jambo hilo. Vingi vyao ni vya kauli ya kutendua, ambayo kiambishi chake ni -u-, nacho hugeuka -o- pale tu shina lina irabu o: tega huzaa tegua, ziba huzaa zibua, lakini choma huzaa chomoa. Kila kimoja kina mwenzake asiyehitaji mtendaji, mwenye -k-: chomoka, nasuka, kwamuka, zibuka, ng'oka. Hata toa na toka, kwa sura, zimesimama katika safu hiyo hiyo. Vitenzi vya namna hii huchukua jina la hali iliyokishika kitu, kukwama, kunasa, kuanika, kufukia, kisha huivunja hali hiyo.

Jina lenyewe la kauli hii, hata hivyo, linahitaji kutazamwa kwa tahadhari. “Kutendua” hutufanya tufikiri kwamba tendo la kwanza limefutwa. Lakini achomoaye mwiba hafuti kuchoma, jeraha lingalipo. Afukuaye maiti hamrudishi duniani. Thilo Schadeberg, alipoandika mwaka 2003 kuhusu unyambuaji katika lugha za Kibantu, alipendelea kukiita kiambishi hiki cha kutenganisha, na kwa vitenzi tunavyovizungumzia jina hilo linafaa zaidi. Opoa haina opa ya kutenduliwa, wala ng'oa haina mzazi anayejulikana kwa msemaji wa leo. Lakini zote mbili hutenganisha kitu na kilichokishika.

Ukishaukubali msimamo huu, mambo kadhaa yaliyoonekana ya ovyo yanapata mpango. Chukua vyombo vya usafiri. Mwingereza humtoa mtu ndani ya motokaa kwa “out”, lakini kwa basi husema “off”. Mswahili hapati mgawanyiko huo. Vyote viwili ni vya kupanda na kushuka, na abiria hushuka au hushushwa. Matokeo yake ni kwamba mtu akisema “walimtoa garini” badala ya “walimshusha garini”, msikilizaji huelewa mara moja kwamba kulikuwa na kizuizi: ama mtu hakutaka kushuka, ama hakuweza, pengine kwa kuwa alikuwa ameumia. Kitenzi kinachoonekana kuwa cha kawaida kabisa kimebeba habari nzito kwa sababu tu kimechukua nafasi ya kingine. Kadhalika mifugo: mchungaji hawatoi mbuzi asubuhi, bali huwafungulia. Aliyekuwa jela naye hufunguliwa. Mlango au pingu ndiyo iliyoshika, na hiyo ndiyo inayotajwa.

Jambo la pili ni la kisarufi, na halijapata kutazamwa inavyostahili. Katika Kiingereza, kinachofuata kitenzi cha namna hii kwa kawaida ni kile kinachotoka. Kiswahili kinaruhusu mwenye kushika naye awe yambwa, au hata kiima cha kitenzi cha kutendwa. Tunasema “alimtoa mwiba”, na hakuna anayedhani kwamba mtu ndiye aliyetolewa. Tunasema “aling'olewa jino” na “alitolewa damu”. Mgonjwa ndiye kiima, ingawa yeye yupo pale pale kitandani na kilichoondoka ni jino. Uwezekano huu huzaa tofauti ndogo zenye uzito mkubwa. Magazeti yanapoandika kwamba kiongozi “alivuliwa madaraka”, cheo ndicho kilichoondolewa mwilini mwake kama nguo. Yanapoandika kwamba “aling'olewa madarakani”, ni yeye aliyeondolewa katika cheo kama kisiki chenye mizizi. Kiambishi -ni kimoja kimegeuza nani katoka wapi. Kiingereza, kikitumia “throw out” au “drive out”, hakina njia ya mkato kama hiyo.

Na pale ambapo namna ya kutoa ndiyo habari hasa, Kiswahili hufanya nini? Mara nyingi huunganisha vitenzi viwili kwa -ka-: walimkokota wakamtoa, alimbembeleza akatoka. Wengine huona muundo huu ni mrefu. Lakini una faida ya kutaja hatua mbili zilizo mbili kweli, jitihada na tokeo. Ipo pia njia nyingine iliyo fupi na ya kupendeza zaidi, nayo imo katika methali isemayo kwamba maneno mazuri humtoa nyoka pangoni. Mfasiri wa kuipeleka methali hii katika Kiingereza hushawishika kumleta mtu anayembembeleza nyoka, na kumpa kitenzi kama “coax” au “charm” pamoja na “out”. Kiswahili hakikumhitaji mtu huyo. Kimeichukua ile namna, kikaipa kiti cha kiima, na toa ikabaki toa. Muundo huo ndio tunaoutumia tusemapo kwamba njaa ilimtoa kijijini, au moshi uliwatoa nyuki mzingani. Wafasiri wengi huisahau njia hii, huku wakihangaika na “kwa kutumia” na “kwa njia ya”.

Suala hili haliishii katika madarasa. Nchini Kenya, kifungu cha 198 cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai kinaagiza kwamba lugha ya Mahakama Kuu ni Kiingereza, na ya mahakama za chini ni Kiingereza au Kiswahili. Katiba ya mwaka 2010 inampa mshtakiwa haki ya kuwa na mkalimani bila malipo asipoielewa lugha inayotumiwa kesini. Kwa hiyo maneno ya shahidi aliyesema kwa Kiswahili aghalabu hubaki katika kumbukumbu kwa Kiingereza, na rufani ikikatwa, hayo ya Kiingereza ndiyo yatakayosomwa.

Tuchukue mfano wa kubuni. Shahidi anasema: “Walifika usiku, wakamtoa ndani.” Kitenzi chake kinasema njia tu. Mkalimani yuko mbele ya lugha inayomdai namna, na vitenzi vinamjia vyenyewe: “took out”, “got out”, “dragged out”, “threw out”. Cha kwanza kinaashiria utulivu, cha pili kinakaribia uokozi, cha tatu ni ukatili, cha nne ni kufukuzwa. Shahidi hakusema hata kimoja kati ya hivyo, lakini kesi ya shambulio yaweza kuegemea hapo hapo. Upande wa pili nako kuna hatari yake. Wakili akiuliza kwa Kiingereza kama marehemu “was pushed out of the car”, na swali likamfikia shahidi kama “Je, alisukumwa nje ya gari?”, shahidi aliyeona msukumano kando ya barabara atajibu “Ndiyo”, na jibu lake litaandikwa kuwa ushahidi kwamba mtu alitupwa kutoka ndani ya gari. Hakuna aliyesema uongo. Mkalimani angelinda haki za wote kama angeuliza: “Je, alikuwa ndani ya gari, akasukumwa akatoka?” Maneno yameongezeka, lakini mpaka kati ya ndani na nje umevukwa mbele ya macho ya kila mtu.

Yapasa kukiri kwamba lugha yenyewe haijasimama. Neno “kutoka”, ambalo asili yake ni kitenzi-jina, limekwisha kuwa kihusishi kamili katika “barua kutoka kwa baba” na “treni kutoka Mombasa”, na hakuna wa kulirudisha. Sasa linaonekana likifuata hata vitenzi vya namna: “walimvuta kutoka shimoni”. Je, Kiswahili kinahamia upande wa Kiingereza? Dalili moja inakataa. “They pulled him out of the pit” haikubali kuendelezwa kwa “lakini hakutoka”. Msemaji angekuwa anajipinga. “Walimvuta kutoka shimoni kwa saa nzima, lakini hakutoka” inasikika bila mgongano, kwa sababu “kutoka” hapo inataja upande uliovutiwa, si tokeo. “Walimvuta wakamtoa” ndiyo inayofunga mlango. Muundo mwingine unaostahili kutazamwa ni “tupilia mbali”, unaotumiwa sana na waandishi wa habari za mahakama kwa kesi zilizokataliwa. Hapo kuna kitenzi cha namna pamoja na neno la mahali linalofanya kazi kama ile ya neno dogo la Kiingereza. Lakini hata hapo lugha haikuridhika na “tupa” tupu. Imeidai kauli ya kutendea iliyorudufiwa, yenye kuleta maana ya kumaliza kabisa. Kitenzi bado kinashika usukani.

Kwa mtungaji wa kamusi, jambo la kufanya si gumu, ingawa litaongeza kurasa. Kamusi ya Kiingereza-Kiswahili ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 na ile ya TUKI ya mwaka 1996 zimepangwa, kama ilivyo desturi, kwa kitenzi cha Kiingereza. Katika fungu kama “get out” au “pull out” mpango huo ungeweza kuongezewa swali ambalo Mswahili huliuliza kwanza: kutoka katika nini? Majini, kuopoa. Mtegoni, kunasua. Matopeni, kukwamua. Mwilini, kuchomoa, na kama ni jino, kung'oa. Ardhini, kufukua. Motoni, kuipua. Juani, kuanua. Garini, kushusha, na kama mtu hawezi au hataki, kutoa.